Vituo vya data vya kampuni kubwa: kusanifisha kwanza, kuunganisha kwa mpaka

Hakuna kampuni iliyokaa chini ikaamua iwe na vituo vya data hamsini, yaani majengo au vyumba vya seva, zile kompyuta zinazoendesha mifumo yake. Hujilimbikiza. Kampuni inamnunua mshindani wake na kurithi chumba chake cha seva pamoja na mafundi wake. Idara ya mauzo inachoka kusubiri makao makuu, inaagiza mitambo yake yenyewe. Tawi la ng'ambo linajenga kituo chake kwa kuwa mtandao wa enzi hizo ulikuwa wa polepole. Miaka ishirini ikipita, hapatikani mtu hata mmoja anayeweza kutaja seva zote zilizopo, wala kueleza programu ipi inategemea ipi. Ndipo mkuu wa TEHAMA anapopeleka kwa bodi pendekezo la kusanifisha na kuunganisha: mitambo na taratibu ziwe za aina moja, na vituo vipunguzwe vibaki vichache.

Niseme mapema ninakoegemea. Kusanifisha nakuunga mkono karibu bila masharti. Kuunganisha nakuunga mkono hadi mpaka fulani, na mpaka huo uko karibu kuliko wauzaji wa mipango hii wanavyokiri. Mambo haya mawili hufikishwa mbele ya bodi yakiwa kifurushi kimoja, ilhali faida zake si zilezile na hatari zake pia si zilezile.

Hoja za wanaotaka kuunganisha ni nzito, na tuzitendee haki. Mwaka 2006 kampuni ya HP, idara yake ya TEHAMA ikiongozwa na Randy Mott, ilitangaza kuwa ingeacha vituo vyake 85 na kubaki na sita tu, viwili viwili katika miji ya Austin, Houston na Atlanta. Mwaka uliofuata IBM ilitangaza mpango wa kuhamisha kazi za seva 3,900 na kuzipeleka kwenye kompyuta kubwa zipatazo 30. Hilo liliwezekana kwa sababu seva nyingi za wakati ule zilikuwa zikitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mara nyingi haikufika hata asilimia 15. Zilikula umeme, zilidai nafasi, leseni na matengenezo, huku sehemu kubwa ya siku hazina kazi.

Umeme nao una hesabu yake. Uchunguzi wa Uptime Institute, taasisi inayofuatilia vituo vya data, mwaka 2007 ulikuta kituo cha wastani kikivuta uniti 2.5 hivi za umeme kwa kila uniti moja iliyofika kwenye kompyuta. Ile moja na nusu ya ziada iliishia kwenye upoozaji na upotevu wa njiani. Wastani wa leo uko karibu na 1.6, na vituo vikubwa vilivyojengwa upya vimeshuka chini ya 1.2. Chumba kidogo cha seva kwenye ghorofa ya chini ya ofisi hakiwezi kufikia kiwango hicho hata kikitunzwa vizuri.

Lakini turudi kwa HP, maana kuna jambo ambalo husahaulika kila habari hiyo inaposimuliwa. Pamoja na kufunga majengo, mpango ule ulilenga kupunguza programu za kampuni kutoka maelfu hadi takribani 1,500. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye faida kuu. Programu inapofutwa, seva zake huondoka nayo, na vivyo hivyo hifadhidata yake, leseni zake, fundi anayeamshwa usiku kwa ajili yake na tundu la usalama ambalo hakuna aliyekumbuka kuliziba. Ukiihamisha jinsi ilivyo na kuipeleka kwenye jengo jipya, matatizo yote hayo yanahama nayo. Kazi ya kuamua ni mifumo mingapi ya mishahara inayohitajika, mfumo endeshi uwe upi, na seva mpya ipangwe vipi hadi iwe sawa na mwenzake, ndiyo kusanifisha. Inaweza kufanyika bila kufunga hata jengo moja.

Kwa nini basi kampuni nyingi huanza na majengo? Kwa sababu majengo yanahesabika. Serikali ya Marekani imetuachia mfano ulio wazi. Iligundua kuwa vituo vyake vya data vimeongezeka kutoka 432 mwaka 1998 hadi zaidi ya 1,100 mwaka 2009, na mwaka 2010 Vivek Kundra, aliyesimamia TEHAMA ya serikali hiyo, akaanzisha mpango wa kuvipunguza. Vituo vikafungwa kweli. Hata hivyo, maana ya kituo cha data ilipopanuliwa ili vyumba vidogo vihesabiwe, idadi iliyoandikwa vitabuni ilizidi kupanda, ikafika maelfu. Kipimo kilikuwa kikisogea huku na huku, na msomaji wa ripoti asingeweza kujua kama kazi yenyewe imeboreka.

Sasa upande wa pili. Agosti 2016, hitilafu ya kifaa cha umeme katika kituo cha shirika la ndege la Delta mjini Atlanta ilisababisha safari zaidi ya 2,000 za ndege kufutwa ndani ya siku tatu. Mei 2017 umeme ulikatika na kurudi kwa namna isiyodhibitiwa katika kituo cha British Airways karibu na Heathrow, na abiria wapatao 75,000 wakakwama. Septemba 2025 moto wa betri uliwaka katika kituo cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na mifumo 709 ikasimama. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Huyu wa mwisho si kampuni, lakini mantiki iliyomfikisha hapo ni ileile inayopelekwa kwenye bodi: weka vyote pamoja, vilindwe vizuri.

Mtetezi wa kuunganisha atajibu kwamba kutawanya vituo hakuleti usalama, kwamba chumba chenye jenereta moja isiyojaribiwa kitazimika mara nyingi kuliko kituo kikubwa chenye njia mbili za umeme. Kwa wastani ni kweli. Ila wastani unaficha ukubwa wa pigo. Chumba cha tawi kikizimika kwa saa tano, tawi moja linahudumia wateja kwa karatasi. Kituo kikuu kikizimika kwa muda huohuo, kampuni nzima inasimama, pamoja na zile simu na barua pepe ambazo wahandisi wangezitumia kupanga namna ya kuirudisha. Bodi inayopewa asilimia ya muda ambao mifumo inapatikana peke yake haijaelezwa habari hiyo.

Na hata ajali ya Delta, ukiichunguza, inanirudisha kwenye kusanifisha. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa seva kama 300 kati ya 7,000 hazikuwa zimeunganishwa na umeme wa akiba. Jengo lilikuwa na kinga, ila seva chache hazikufungwa kama zilivyofungwa nyingine, na hizo chache zilitosha. Benki ya TSB ya Uingereza ilipata funzo la namna hiyo Aprili 2018, ilipohamishia wateja wake milioni 5.2 kwenye mfumo mpya unaoendeshwa na vituo viwili vya data. Wapatao milioni 1.9 walishindwa kuingia kwenye akaunti zao. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa majaribio muhimu yalifanyika katika kituo kimoja tu kati ya viwili, na vituo hivyo havikuwa vimepangwa sawasawa. Vituo viwili vinavyofanana kwenye mchoro tu ni kituo kimoja chenye gharama ya viwili.

Kuhusu idadi ya vituo, fizikia inaweka mipaka yake. Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 100 kwenda na kurudi ni kama milisekunde moja. Hifadhidata inayotakiwa kuandika muamala sehemu mbili kwa wakati mmoja inahitaji kituo cha pili kilicho karibu. Mafuriko, tetemeko au kuzimika kwa gridi kunahitaji kituo kilicho mbali. Kimoja hakiwezi kuwa karibu na mbali, kwa hiyo kampuni ambayo data ndiyo uhai wake haipaswi kushuka chini ya vitatu. Sheria nazo zinaongeza: Urusi tangu 2015 inataka taarifa binafsi za raia wake zihifadhiwe ndani ya nchi, na Umoja wa Ulaya nao unabana namna zinavyopelekwa nje. Kituo kimoja cha dunia nzima hakipo, hata kwa mwenye fedha.

Nimesema "karibu bila masharti" juu ya kusanifisha, na sharti lenyewe ni zito. Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya iliingia katika kampuni ya meli ya Maersk. Mtandao wake ulikuwa umeshikamana vizuri, na uharibifu ukapita humo bila kizuizi. Iliwabidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zinazotambua watumiaji wake, zilizokuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, zilifutika zote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale wakati shambulio linaenea. Diski yake ilisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na jambo ambalo mpango wowote wa kusanifisha ungeliorodhesha kuwa kasoro. Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha vifaa milioni 8.5 vya Windows duniani kwa sababu hiyohiyo: vilikuwa vya aina moja na vilipokea kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Tofauti iliyomwokoa Maersk ilikuja kwa bahati. Inaweza kupangwa. Nakala rudufu zikae mahali ambapo nywila za mfumo mkuu hazifanyi kazi. Walau seva moja ya utambuzi iwe nje ya mtandao. Masasisho yaingie kituo kimoja kwanza, kingine baada ya siku kadhaa. Penginepo pote seva ifanane na mwenzake.

Kuna pia kipindi cha kuhama, ambacho bajeti hukipuuza mno. Kwa miezi, pengine miaka, kampuni hulipia vituo vya zamani na vipya kwa pamoja, huku mafundi wanaojua siri za mifumo ya zamani wakiwa wameshaambiwa kuwa nafasi zao zitafutwa. Wengi huondoka kabla ya kazi kwisha. Fedha zikikauka katikati, kampuni inabaki na vituo vyote vya zamani na juu yake viwili vipya.

Kwa hiyo ningekuwa mjumbe wa bodi, idadi ya majengo yaliyofungwa ningeisoma mwisho. Kwanza ningeuliza programu ngapi zimefutwa mwaka huu. Kisha ningeuliza ni lini mara ya mwisho kazi zote za kituo kikuu zilihamishiwa kwenye kituo cha pili mchana kweupe, wateja wakiendelea kuhudumiwa, na zoezi hilo lilichukua dakika ngapi.