Filamu ya kijasusi sio lazima iwe na mabomu

Mwandishi, kwenye makala yako umesema filamu ya Tinker Tailor Soldier Spy ya 2011 inachosha kisa haina kufukuzana wala milipuko, hapo mi nakataa kabisa. Smiley, yule jasusi wa Uingereza anayechezwa na Gary Oldman, anakaa muda mrefu hajafungua mdomo na bado unamuona jamaa anawaza, halafu pale anapoongea na kiti kitupu kama vile adui yake Karla kakaa mbele yake, aisee mwili ulinisisimka. Huku Mtwara kwenye vibanda umiza tumezoea za ngumi, hii niliicheki na braza Shangani kwenye laptopu, tukairudia ndo tukaielewa. Oldman aliteuliwa kuwania Oscar kwa mara ya kwanza kwa kazi hiihii, na alistahili. Msaliti anatoka humohumo ndani ya idara yao ya ujasusi, ndo panapouma