Mkubwa asiponawa, wodi nzima hainawi

Raundi kuu, wodi ya wazazi. Daktari bingwa yuko mbele, madaktari tarajali wawili, walio mafunzoni, nyuma yake, nami nasukuma toroli ya mafaili. Juu ya toroli kuna chupa ya kitakasa mikono, imejaa. Kitanda cha tatu alimbonyeza tumbo mama aliyejifungua kwa upasuaji, akafunua kidonda kutazama mshono. Kitanda cha nne akafanya vilevile, kwa mikono ileile. Tarajali mmoja aliinyoshea mkono ile chupa, akaona bingwa ameshasonga mbele, akaurudisha mkono mfukoni.

Mkono ule uliorudi mfukoni bado unaniuma. Kijana yule anazijua kwa ghibu nyakati tano za kutakasa mikono za WHO, Shirika la Afya Duniani. Anajua kwamba kujisugua kwa dawa ni sekunde 20 hadi 30 tu. Kuna siku koki zinakauka na stoo haina sabuni, na hapo uongozi ndio wa kuulizwa. Siku ile kila kitu kilikuwepo. Kilichomshinda ni cheo cha aliyekuwa mbele yake. Utafiti wa hospitali moja ya Chicago, uliochapishwa mwaka 2003, uliliona hilohilo: mhudumu akiwa chumbani na mwenzake au mkubwa wake ambaye hakunawa, naye huelekea kuacha.

Na mimi nilinyamaza. Niliogopa kuambiwa namfundisha daktari kazi mbele ya wagonjwa.

Jambo hili ni la zamani. Hospitali kuu ya Vienna, mwaka 1846, wodi ya wazazi ya madaktari na wanafunzi wao ilipoteza akina mama takriban 11 katika kila 100. Ile ya wakunga, hawafiki 3. Wenye cheo kikubwa ndio waliokuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Ignaz Semmelweis, daktari wa wodi ile, alipowataka wanawe mikono kwa maji ya klorini mwaka 1847, vifo vilishuka sana. Hata hivyo mkubwa wake hakumuunga mkono, na mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa.

Kwa hiyo mabango zaidi ukutani siyatamani. Ninachotaka ni mganga mfawidhi asimame kwenye kikao cha asubuhi, aseme kwa kinywa chake: yeyote atakayeniona nimepitiliza bila kutakasa mikono, awe muuguzi au mfanya usafi, aniambie papo hapo, na asiguswe kwa hilo. Neno hilo likitoka kwake, sisi wa chini tutapata pa kusimamia.

Raundi iliyofuata nilijikaza. Tulipofika kitanda cha pili nilisogeza toroli mbele ya bingwa, nikasema, "Dokta, dawa ya mikono hii hapa." Alinitazama kidogo, akanyoosha viganja. Tarajali wote wawili wakanyoosha vyao. Kitanda cha tano alisahau, nikaisogeza tena.