Amri imefeli, notibuku inasema poa tu

Jamani hizi notibuku za Jupyter, zile faili zinazochanganya maelezo na kodi kwenye seli moja moja, zitatutoa roho. Unaandika maelezo yako vizuri, katikati unachomeka seli ya amri ya shel, !python safisha.py, skripti ya kusafisha data iandike safi.csv, unabonyeza Run All, inakimbia mpaka mwisho, grafu zimechorwa, safi kabisa. Kumbe safisha.py ilikufa huko juu na seli iliyofuata ikasoma safi.csv ya wiki iliyopita iliyobaki kwenye folda!! Ile alama ya mshangao haijali amri imefeli au la, inaweka tu namba ya matokeo (0 ni sawa, nyingine ni kufeli) kimyakimya kwenye _exit_code ambayo sijui nani huwa anaiangalia. Na curl, amri ya kupakua vitu mtandaoni, bila -f ndo balaa zaidi, seva ikijibu 404 (yaani hakipo) inakuhifadhia ukurasa wa kosa ndani ya data.csv halafu inarudisha 0, eti mambo yako fresh.

Haya, unahamia %%bash, seli nzima ya amri za shel. Huko nako bila set -e (simama amri ikifeli) mistari ya kati inaweza kufa yote, ilimradi wa mwisho umepita basi seli nzima imepita, na kwenye paipu, yaani amri zilizounganishwa kwa |, ni vilevile mpaka uweke pipefail. Halafu grep maskini, amri ya kutafuta maneno, ikikosa tu neno ililotumwa, kitu cha kawaida kabisa, inarudisha 1, na ikiwa ndo mstari wa mwisho unapigwa CalledProcessError nyekundu ukurasa mzima na kazi yote inasimama. Yaani kosa la kweli linapita, kisicho kosa kinazuiwa getini.

Siku hizi kila seli naanza na set -euo pipefail, kila grep naifungia || true (hata ikikosa ihesabiwe imepita), na maelezo yaliyokuwa ya kusomwa na watu yamejaa madude hayo hata hayasomeki tena.