Masomo ya Kiyahudi chuoni: yawe na idara yake, au yakae ndani ya historia ya wote?

Msomaji wa kawaida wa Afrika Mashariki anawajua Wayahudi kwa vipande. Anawajua wa vitabu vitakatifu: Musa, Daudi, Suleimani, Yusufu aliyeuzwa na nduguze. Kisha anakutana nao Ulaya ya miaka ya 1940, wakisombwa kwenye mabehewa kupelekwa kuuawa. Kisha taarifa ya habari ya jioni, Israeli na Gaza. Kati ya kipande cha kwanza na cha pili pamepotea karne karibu kumi na tisa, na karne hizo hazikuwa tupu. Wayahudi waliishi Baghdad, Cordoba, Aden, Fustat, Vilna na Thessaloniki. Walitunga mashairi, waliamua kesi, walitibu wagonjwa, walikopeshana, walioana na kuachana, na waliandika barua kutoka safarini.

Kulijaza pengo hilo ni kazi ya chuo kikuu. Wasomi wanachogombania ni namna ya kulijaza. Wako wanaosema historia, lugha na utamaduni wa Wayahudi vinahitaji idara yake, yenye walimu wake na maktaba yake. Wengine wanasema idara ya peke yake ni kuta, na kwamba mahali pa Wayahudi ni ndani ya historia ya Ulaya, ya Uislamu, ya biashara na ya falsafa, pamoja na wenzao walioishi nao. Mimi naelemea upande wa kwanza. Lakini hoja za upande wa pili si za kupuuzwa, na moja kati ya hizo naiona ni ya kweli tupu.

Mzozo huu una mizizi Berlin. Mwaka 1818 Leopold Zunz, kijana wa miaka 23, alichapisha kijitabu akidai maandishi ya Wayahudi ya baada ya Biblia yasomwe kwa uzito uleule waliopewa Wagiriki na Warumi, yote pamoja: sheria, hesabu, jiografia, ushairi. Mwaka 1848 akaiomba serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala Berlin, ianzishe kigoda, yaani nafasi ya uprofesa, cha historia na fasihi ya Kiyahudi katika Chuo Kikuu cha Berlin. Ombi likafikishwa kwa maprofesa, wakalikataa. Walisema kwamba chuo kikuu hakipo kwa ajili ya kuandaa marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, na kwamba kigoda cha namna hiyo kingewatenga Wayahudi na raia wenzao wakati sheria inaelekea kwenye usawa. Kwa sikio la haraka hilo ni jibu la haki. Lakini chuo hichohicho kilikuwa na kitivo kizima cha teolojia ya Kiprotestanti, na hakuna aliyesema kinawatenga Waprotestanti.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitazama jibu hilo. Mwaka 1887 hapohapo Berlin, chini ya chuo hicho, ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo. Walimu walitoka kwetu: Amur bin Nasur wa Unguja, na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Wanafunzi wao wengi walikuwa maofisa na watumishi waliokuwa njiani kuja kuitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kiswahili kilipewa darasa kwa kuwa dola ilikihitaji. Maarifa ya Kiyahudi yalinyimwa kigoda kwa kuwa dola haikuona faida yake. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba chuo kikuu hupima elimu kwa elimu, na kwamba somo lenye thamani litaingia lenyewe bila kutengewa nafasi, namkumbusha Berlin.

Hata hivyo, katika mji huohuo aliishi mtu aliyechukua funzo tofauti kabisa. Moritz Steinschneider, aliyefariki mwaka 1907, alikuwa bingwa wa kuorodhesha maandiko ya Kiebrania, na alikataa nafasi za kufundisha katika vyuo vya marabi ingawa vilimwalika. Aliona kwamba elimu ya Wayahudi ikifungiwa miongoni mwa Wayahudi itadumaa, na kwamba haki yake ni kusomwa katika chuo kikuu cha wote. Kazi yake inampa nguvu. Mwaka 1893 alichapisha kitabu kikubwa juu ya tafsiri za Kiebrania za zama za kati, akionyesha jinsi elimu ya Wagiriki na Waarabu ilivyopitia mikononi mwa wafasiri wa Kiyahudi. Chukua mfano mmoja tu. Ibn Rushd, kadhi na mwanafalsafa wa Cordoba, aliandika sherehe, yaani ufafanuzi, ya kitabu cha Plato juu ya dola. Matini ya Kiarabu imepotea. Tunaisoma leo kwa sababu ilihifadhiwa kwa Kiebrania. Sasa sherehe hiyo ni ya idara gani? Ya Uislamu, ya falsafa, au ya Kiyahudi? Ukiigawa, unaikata.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya upande wa pili, na siipingi. Ninachouliza ni nani atakisoma hicho Kiebrania.

Twende kwenye ushahidi ulio karibu zaidi na pwani yetu. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, Cairo ya kale, kulikuwa na chumba cha kutupia karatasi chakavu, kwa kuwa maandishi yenye jina la Mungu hayachomwi wala hayatupwi jalalani. Karatasi zilirundikana kwa karne nyingi, za ibada na zisizo za ibada. Mwaka 1897 Solomon Schechter alizichukua karibu vipande 190,000 akavipeleka Cambridge. Miongoni mwa vipande vya hazina hiyo zimo barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wa karne ya 12. Mmoja wao ni Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdia, Tunisia, aliyeishi miaka mingi Mangalore, pwani ya magharibi ya India. Alikuwa na karakana ya shaba. Wateja wa Aden walimpelekea vyombo vikuukuu ayeyushe awafulie vipya, na walimweleza wanavyovitaka. Yeye aliwapelekea chuma, pilipili manga na iliki; wao wakamrudishia karatasi, sukari, zabibu na mikeka. Oktoba 1132 alimwandikia hati ya uhuru mtumwa wake wa kike, Mhindi aitwaye Ashu, ambaye watafiti wanamwona kuwa ndiye aliyemzalia watoto.

Huu ni ulimwengu wa pepo za kaskazi na kusi, ulimwengu wa Kilwa na Mogadishu. Lakini tazama barua zenyewe. Lugha ni Kiarabu, hati ni ya Kiebrania. Mwarabu anaisikia akisomewa, haisomi. Mwanafunzi wa Kiebrania anaisoma, haielewi. Atakayeifungua ni mwenye vyote viwili, na juu yake ajue sheria ya ndoa ya marabi, desturi za bandari za Waislamu na bei za viungo. Shelomo Dov Goitein, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye barua hizi hadi kufariki kwake mwaka 1985, hakuanza na masomo ya Kiyahudi. Shahada yake ya Ujerumani ilikuwa ya Kiarabu na Uislamu, na tasnifu yake ilihusu sala. Kila kambi inaweza kumdai. Mimi naona anathibitisha jambo moja: idara ya historia isiyofundisha lugha hizi haitamzalisha Goitein mwingine, na idara ya Kiyahudi isiyomruhusu mwanafunzi wake kuhamia darasa la Kiarabu haitamzalisha pia.

Suala la lugha lina uzito wa kutisha zaidi tukifika karne ya 20. Ndani ya ghetto la Warsaw, Poland, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri shajara, insha, matangazo, hata kadi za mgao wa chakula, wakazifukia ndani ya masanduku ya bati na madumu ya maziwa. Sehemu ilifukuliwa 1946, nyingine 1950. Nyingi ziko kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, na Kipolandi. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Alichotaka ni kwamba watu waliouawa wasimuliwe kwa maneno yao wenyewe. Kwa miaka mingi baada ya vita, vitabu vilivyosomwa sana juu ya mauaji hayo viliegemea mno nyaraka za Kijerumani, yaani mafaili ya wauaji. Walikuwapo manusura walioandika historia kwa Kiyidishi tangu mapema, ila wasomaji wa lugha hiyo ndio hasa waliokuwa wameteketezwa. Mtafiti asiyejua Kiyidishi anaweza kuwa mwema kiasi gani, bado atamsikiliza muuaji kuliko muuawaji. Kwangu hapa mjadala unakaribia kuisha.

Haujaisha, kwa sababu idara yenyewe ina magonjwa yake. La kwanza ni kuamua ni Uyahudi upi unaostahili. Chuo Kikuu cha Kiebrania kilifunguliwa Yerusalemu mwaka 1925. Mwaka 1927 David Shapiro, mwenye gazeti la Kiyidishi la New York, alijitolea kugharimia kigoda cha Kiyidishi. Watetezi wa Kiebrania wakaja juu, wakabandika mabango mitaani, wakakiita kigoda hicho sanamu ndani ya hekalu. Chuo kikarudi nyuma. Idara ya Kiyidishi ilifunguliwa mwaka 1951, wakati mamilioni ya wasemaji wake walikwisha kuuawa. Wayahudi wenyewe, katika chuo chao wenyewe, waliifungia mlango lugha ya mama zao kwa sababu ya siasa ya taifa jipya. Anayedhani kwamba kumpa mwenye mali mali yake kunatosha aisome habari hii mara mbili.

La pili ni fedha. Idara nyingi za Marekani zimesimama juu ya michango ya watu binafsi, na mchangiaji huwa na matarajio. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kilirudisha dola milioni 5 za mfadhili wa masomo ya Israeli, baada ya profesa aliyeshika kigoda hicho kutia sahihi tamko la kuikosoa Israeli. Tangu Oktoba 2023, vita vya Israeli na Gaza vilipoanza, shinikizo limezidi, na linatoka pande zote: mwalimu wa Talmudi, kitabu cha sheria na mijadala ya marabi, au wa ushairi wa Andalusia anatakiwa aseme yuko na nani kabla hajafungua kitabu. Historia ya miaka elfu tatu inageuzwa kuwa maelezo ya chini ya mgogoro mmoja. Mgogoro huo ni mkubwa, watu wanakufa, na una haki ya darasa lake. Lakini si haki mtu aliyeandika hati ya talaka Aden mwaka 1130 aulizwe habari za mipaka ya 1948.

La tatu alilisema mapema Salo Baron, ambaye baadaye alishika kigoda cha historia ya Kiyahudi Columbia, New York. Katika makala ya mwaka 1928 alipinga kuandika historia ya Wayahudi kana kwamba yote ni machozi, mateso na wanazuoni tu. Wazazi wake na dada yake waliuawa na Wanazi, na bado hakuuacha msimamo huo. Nauheshimu sana. Watu wanaofundishwa kama wahanga tu hawajafundishwa.

Na nani akae kwenye madawati? Kraków, Poland, Chuo Kikuu cha Jagiellonian kina taasisi ya masomo ya Kiyahudi, na wengi wa wanafunzi wake si Wayahudi, katika nchi iliyokuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 3 kabla ya vita. Thessaloniki, Chuo Kikuu cha Aristotle kimejengwa juu ya makaburi ya Wayahudi yaliyovunjwa kuanzia Desemba 1942, miezi michache kabla ya Wayahudi wa mji huo zaidi ya 40,000 kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mawe ya makaburi yalitumika kujengea. Mnara wa kumbukumbu uliwekwa chuoni mwaka 2014, miaka sabini na zaidi baadaye, kisha kikaja kigoda cha masomo ya Kiyahudi. Wako wanaosema si sahihi somo lishikwe na wasio wenyewe. Sikubaliani nao. Kijana wa Kigiriki anayejifunza Kiladino, Kihispania cha Wayahudi wa mji wake, anafanya jambo ambalo babu zake walipaswa kulifanya.

Kwetu, Kiebrania hufundishwa katika vyuo vya teolojia, kwa ajili ya Agano la Kale, kikaishia hapo. Wakati huohuo tunayo mambo yetu yanayosubiri. Mwaka 1903 Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi uwanda wa Uasin Gishu, Kenya ya leo, nchi ya Wanandi na Wamasai ambao hawakuulizwa. Ukaguzi ukafanyika, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni, waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, ukaukataa mpango huo. Mjadala uliochemka katika magazeti ya Kiebrania na Kiyidishi haujafika kwa msomaji wa Eldoret. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ikapona marufuku ya Idi Amin, na inaimba zaburi kwa Kiganda. Kwa hiyo katika orodha ya lugha za masomo haya kimo na Kiganda, na hapo anayehitajika si mtaalamu wa Berlin wala New York.

Sidai Makerere au Dar es Salaam ifungue idara mwaka ujao. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Zanzibar wapo vijana waliosoma Kiarabu tangu chuoni kwa mwalimu hadi shahada. Hati ya Kiebrania ina herufi 22. Barua za Fustat zimepigwa picha na sehemu kubwa ya mkusanyo wa Cambridge inatazamika bure mtandaoni. Wafundishwe herufi hizo ndani ya kozi ya historia ya Bahari ya Hindi, kwa muhula mmoja, na wapewe barua moja ya Ben Yiju waifanyie kazi kuanzia bismillahi yake hadi hesabu ya pilipili. Wakishindwa na sheria ya marabi iliyomo, tutajua ni mwalimu gani wa kumtafuta.