*Xlěbъ: mkate wa kurithi au wa kuazima?

Neno *xlěbъ, "mkate", la Kislavi Asilia, lugha mama ya lugha zote za Kislavi, halikuandikwa popote. Nyota iliyo mbele yake ndiyo inayosema hivyo. Limeundwa upya kwa kulinganisha chleb la Kipolandi, хлеб la Kirusi, chléb la Kicheki na hleb la Kiserbia. Umbo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni wa asili: je, Waslavi walilirithi, au walilichukua kwa majirani wao wa Kijerumaniki (jamii ya lugha yenye Kijerumani na Kiingereza), ambao kwa Kigoti, lugha yao mojawapo ya kale, mkate ni hlaifs?

Upande wa urithi una hoja ya maana. Waslavi walikuwa na *zьrno (punje), *mǫka (unga) na *pekti (kuoka), yote ya kwao. Mwenye unga na moto angekosaje jina la mkate?

Hoja hiyo inakwama kwenye sauti ya kwanza. H ya Kijerumaniki ilitokana na k ya kale. Kama neno lingerithiwa pande zote mbili, Kislavi kingekuwa na *klěbъ, au *slěbъ ikiwa k ile ilikuwa ya kaakaa (iliyotamkwa mbele, kwenye kaakaa gumu). Ili kuipata x (sauti ya kh) kwa urithi, mtu hulazimika kupachika s karibu na k mwanzoni mwa mzizi, na s hiyo haionekani Kijerumaniki. Ukikubali kuazima, h imesikika x, basi.

Wengi hujikwaa kwenye b, kwa kuwa hlaifs ina f. Watazame umbo la umiliki, hlaibis: b imo kwenye shina, na f hutokea mbele ya s au mwishoni mwa neno tu. Nayo ai ikawa ě kwa kanuni ya kawaida ya Kislavi, kwa hiyo neno liliingia kabla ya badiliko hilo.

Sarufi haiamui lolote. *Xlěbъ ni nomino ya kiume: *xlěba (ya mkate), *xlěbu (kwa mkate), *xlěbě (katika mkate), wingi *xlěbi. Neno geni huzoea upesi. Kitabu lilitoka Kiarabu na wingi wake ni vitabu.

Hata hoja ya unga inapungua nguvu ukiwatazama majirani wengine. Wafini walichukua leipä, wakaiacha h. Walatvia wana klaips, k ikishika nafasi ya sauti wasiyokuwa nayo. Neno hili lilisafiri.

Kwangu, kuazima kumeshinda. Lakini kusema "lilitoka Kigoti" ni kuvuka ushahidi: *hlaibaz ya Kijerumaniki Asilia ingezaa umbo lilelile.