Nyuki wa kwenye mwarobaini tumewachoma sisi wafugaji

Jumamosi iliyopita saa saba mchana nilipigiwa simu na kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu hapa Mkonze, Dodoma, mama njoo haraka kuna nyuki wametua kwenye mwarobaini, watu wanataka kuwachoma. Nikazima jiko, nikabeba ovaroli, kofia ya wavu, boksi na kanga ya zamani nikatoka mbio. Ni dakika kumi na tano kwa miguu. Kabla sijaona kitu nikasikia harufu. Mnaofuga mnaijua harufu ya nta ikiungua, sasa changanya na petroli na kitu kama nywele zilizobabuka. Tawi jeusi, majani yamejikunja, na chini kwenye vumbi rundo la nyuki kama makapi ya alizeti, wengine bado wanatambaa bila mabawa. Kijana mmoja akanipokea kwa furaha kabisa, "Mama usiwe na wasiwasi, tumeshawamaliza."

Sikumjibu, nilichuchumaa nikamwokota mmoja nikamgeuza tumbo juu. Katikati ya zile pingili za tumbo kulikuwa na vipande vya nta vimechomoza, vyeupe, vyembamba kama magamba ya dagaa. Nyuki wakiaga mzinga kwenda kuanza maisha mapya wanaondoka wamejaza asali tumboni na nta inaanza kuwatoka mwilini, ili wakifika tu wanapokwenda waanze kujenga. Yaani wale walikuwa wanasafiri na matofali yao wenyewe, hawakuja kumvamia mtu, walikuwa wamepumzika wakisubiri kuambiwa nyumba iko wapi.

Na waliokwenda kutafuta nyumba walirudi. Hilo ndo limenikosesha usingizi. Nilikaa pale kama nusu saa nikaanza kuona nyuki mmoja, halafu wawili, halafu wanane hivi, wanakuja kutoka upande wa nyumba zinazojengwa, wanazunguka lile tawi jeusi, wanatua wanaruka, wanatua wanaruka. Hawa ndo wapelelezi, kwenye bumba, yaani nyuki walioaga mzinga wakakusanyika pamoja, wanatoka wachache kwenda kukagua mashimo ya miti, dari, miamba, wakirudi wanacheza ngoma yao juu ya migongo ya wenzao kuonyesha upande na umbali, na wenzao wanakwenda kuhakiki wenyewe mpaka wote wakubaliane. Mjerumani Martin Lindauer aligundua jambo hili mwaka 1949 mjini Munich, mji ukiwa bado magofu ya vita, baada ya kuona kwenye bumba nyuki wanacheza huku wamechafuka masizi na vumbi jekundu la matofali, ndo akajua hawa hawatoki kwenye maua, wametoka kukagua nyumba. Wa kwetu mmoja alitua kwenye mkono wangu akiwa na vumbi jeupe la saruji mgongoni. Amepata nyumba mahali fulani na hana tena wa kumpelekea habari.

Nilirudi nyumbani nikaandika maneno makali kuhusu wale vijana, marefu kuliko haya, halafu nikayafuta. Sababu ni hii. Bumba lile kwa walivyonieleza lilikuwa kama ndoo ya lita kumi, na bumba la ukubwa huo linatoka kwenye kundi lililoshiba, lenye masega mengi, na kundi la namna hiyo kwenye mtaa wetu liko kwenye mzinga wa mtu. Jioni ile ile nikavaa, nikawasha bomba la moshi nikaenda kwenye manzuki yangu nyuma ya kiwanja. Nina mizinga tisa. Wa nne nilipoinua mfuniko tu nilijua, maana wiki mbili nyuma nyuki walikuwa wanafurika mpaka nje na sasa masega ya pembeni yako wazi, na kwenye kingo za masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, vichumba saba vya kulelea malkia wapya, vinaning'inia kama maganda ya karanga, vimeshazibwa. Malkia mzee huondoka na nusu ya watu wake au zaidi karibu na siku vichumba vile vinapozibwa. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani lakini najua. Wale walikuwa wa kwangu, na mara ya mwisho kufungua huo mzinga ilikuwa Desemba.

Kwa hiyo hasira yangu imehamia kwetu, mimi na nyie wenzangu wa wikiendi, wenye kazi zetu nyingine na mizinga mitano, kumi, kwenye kiwanja au shamba la pembeni. Tunajua kutundika mzinga, tunajua kupaka nta na kusugulia mchaichai ili nyuki waingie, na tukiona wameingia tunapiga picha. Halafu tunasubiri kurina. Hapo katikati, miezi ile mvua zimekolea, migunga imechanua na alizeti zimejaa mashamba yote mpaka Singida, hapo ndipo kundi linaongezeka kwa kasi, na hapo ndipo hatuonekani. Semina nilizohudhuria mimi zilifundisha kutundika na kurina na kuchuja asali. Kila tarehe 20 Mei tunavaa tisheti za Siku ya Nyuki Duniani. Mwezi wa pili na wa tatu hakuna anayekuja kukuuliza umefungua mizinga yako.

Na zamani ilisameheka. Mzee aliyenifundisha kazi hii ni mtu wa Manyoni, mizinga yake ya magogo iko juu ya miti porini, kundi likigawanyika linatua mti wa jirani na linaingia mzinga mwingine mtupu aliotundika, yeye kwake kugawanyika ni baraka. Lakini Dodoma ya leo sio ile. Tangu Serikali ianze kuhamia huku 2016 viwanja vimepimwa mpaka kwenye vichaka tulivyokuwa tunatundika mizinga, nilipoanza jirani yangu wa karibu alikuwa mbuyu, sasa nina jirani kila upande na watoto wanacheza mpira nyuma ya ukuta. Huwezi kufuga kama uko porini Itigi wakati uko mtaani. Bumba linalotoka kwako linatua kwenye mwarobaini wa kijiwe, kwenye dari la mtu, kwenye mti wa shule, na likitua hapo limeshahukumiwa.

Najua mtaniambia nini, maana nimeshaambiwa. Nyuki wetu ukiwafungulia sana wanahama. Ni kweli, na inaniudhi kwamba ni kweli, hawa sio nyuki wa Ulaya ambao mtu anawafungua kila Jumapili. Ukiwasumbua wanakula asali yao yote na wiki inayofuata unakuta mzinga mweupe, kama wanavyofanya wakiingiliwa na siafu au ukiwarinia asali yote bila kuwaachia. Lakini kuhama na kugawanyika ni vitu viwili, na hofu ya kimoja isikufanye uache kushughulikia kingine. Huna haja ya kuchomoa kila sega. Kaa mbele ya mzinga usiku saa tatu, joto likiwa limeshuka: kama nyuki bado wamening'inia nje mlangoni kama ndevu, sio joto, ndani hakuna nafasi. Madume yakiwa mengi yanatoka mchana yananguruma, hiyo ni dalili. Ukiona dalili ndo ufungue, jioni jua likizama, moshi wa kutosha, anzia mwisho wa mzinga ambako kuna asali tupu, sogea taratibu mpaka sega la majana la kwanza na la pili, angalia kingo za chini. Dakika kumi. Mara moja kwa wiki kwa miezi miwili basi, maana toka yai mpaka kichumba kuzibwa ni kama siku nane tu, ukikaa wiki tatu umeachwa.

Wengi hatufungui kwa sababu mizinga yenyewe haifunguki. Fundi wangu wa kwanza alinikatia viunzi, zile fito za juu ambazo nyuki wananing'iniza masega, kwa kukadiria kwa macho, vingine vinene vingine vyembamba, nyuki wakajenga masega kukatiza viunzi vitatu vitatu, ukiinua kimoja unavunja yote na asali inamwagikia majana. Kiunzi kwa nyuki wetu ni milimita 32 upana, nendeni na rula kwa fundi na msimame pale pale akikata.

Sasa ukikuta vichumba unafanya nini, hapa ndo nagombana na wenzangu. Ushauri unaozunguka ni ponda vyote. Nilifanya hivyo msimu wa 2021, kila wiki naponda, kila wiki wanajenga vingine, mpaka wiki moja nikakosa kimoja kilichojificha kwenye kona ya sega na wakaondoka. Kwenye mzinga mwingine nikaponda vyote bila kujua kwamba malkia mzee alikuwa ameshaondoka siku kadhaa nyuma, nikawaacha bila malkia na bila yai changa la kutengeneza mwingine, kundi likafa taratibu mbele ya macho yangu, nondo wa nta wakamaliza masega. Kuponda ni kuwaambia nyuki wasiwe nyuki. Wamejaa, harufu ya malkia haiwafikii wote, chakula kipo, vibarua wameshaanza kumpunguzia malkia chakula ili apungue mwili aweze kuruka. Hiyo safari huizuii kwa kidole gumba. Na wanaokata mabawa ya malkia, bumba litatoka hivyo hivyo, yeye ataanguka kwenye majani mlangoni na siafu watamaliza kazi.

Wagawe wewe kabla hawajagawanyika. Ndo hoja yangu yote. Wape safari yao lakini wewe uchague wanakofikia. Mimi nachukua mzinga mtupu, nahamishia malkia mzee pamoja na viunzi vitatu au vinne vya majana na mayai, viwili vya asali, na nyuki wote waliokaa juu yake, nahakikisha upande huo hakuna kichumba hata kimoja, usiku ule ule napeleka kwa wifi yangu kule Nala, mbali kiasi kwamba wakitoka kesho hawatajua njia ya kurudi. Kwenye mzinga wa zamani naacha kichumba kimoja au viwili vizuri, vingine natoa, maana ukiviacha vyote utapata bumba la pili na la tatu na mwisho unabaki na kikombe cha nyuki. Sega lenye kichumba usilitikise wala usiligeuze, aliyemo ndani ni laini. Malkia wetu ni mwepesi, anakimbia, mara nyingi humwoni kabisa, basi usipomwona gawanya tu masega, hakikisha pande zote mbili zina mayai na chakula, upande usio na malkia watajitengenezea.

Kuhusu watu wa mtaani nitasema kidogo. Wana haki ya kuogopa. Nyuki wetu wanaua, kila mtu hapa anajua habari ya mbuzi aliyefungwa kamba au mlevi aliyelala chini ya mti. Na bumba lililokaa njaa siku kadhaa kwenye tawi linaweza kuwa na hasira, siwadanganyi. Walioshajenga darini wana majana na asali ya kulinda, hao ni habari nyingine, usiwasogelee. Ila bumba lililotua leo, linaning'inia kimya, halina nyumba wala mtoto wa kulinda, ukiwaondoa watoto na mifugo na ukasubiri, mara nyingi kesho au keshokutwa limeondoka lenyewe. Au piga simu kwa mfugaji, au afisa nyuki wa halmashauri. Petroli juu ya mti kando ya nyumba za watu, hata ukiwachukia nyuki, ni hatari kuliko nyuki wenyewe.

Mzinga wa nne niliuacha na vichumba viwili. Usiku wa Jumatano niliweka sikio kwenye ubao nikamsikia mmoja ameshatoka, analia ile sauti yao nyembamba, tuuu, tu tu tu, na mwingine anamjibu kutoka ndani ya kichumba. Nilisimama pale gizani mpaka miguu ikafa ganzi.

Jana nilirudi kijiweni na mzinga mdogo mtupu, nimeupaka nta na mchaichai, nikawaomba vijana niutundike juu ya ule mwarobaini, mita nne kwenda juu, upande usio na kivuli chao cha kukaa. Wakijaa nyuki ni wangu kuwahamisha usiku ule ule nikipigiwa simu. Nikawaeleza pia kwamba wale waliochomwa walikuwa wa kwangu na kosa lilianzia kwangu. Wakanyamaza. Halafu yule aliyenipokea kwa furaha Jumamosi akapanda yeye mwenyewe kufunga kamba, aliposhuka akasema, "Sawa mama, lakini wakiuma abiria hata mmoja, tunautoa." Nimekubali.