Mama mkwe na pauni 23,250

Watu wa kwetu Tanga wanaamini ukifika Uingereza serikali inakulipia kila kitu, mpaka kukunwa mgongo. Shangazi kanipigia simu: "Huyo mama mkwe si aende nyumba ya wazee? Si serikali inalipa?"

Inalipa, shangazi. Ila kwanza inamnyonyoa manyoya.

Hapa England ukiwa na zaidi ya pauni 23,250, jilipie mwenyewe. Kiwango hicho hakijasogea tangu 2010. Mkate umepanda, nauli imepanda, presha yangu imepanda, chenyewe kimetulia tu. Na nyumba ya mama inahesabiwa, kwa sababu anaishi peke yake. Angekuwa na mume mle ndani wasingeigusa. Nikamwambia mke wangu tumtafutie mama mchumba. Tangu Jumapili hanisemeshi.

Jirani ya mama hela zake zote aliziacha baa na kwenye kamari ya farasi. Huyo analipiwa! Sawa, pensheni wanaichukua, wanamwachia pauni kama 30 kwa wiki za sabuni na peremende, lakini analala pazuri. Mama, aliyetia viraka soksi ili aweke akiba, anauza nyumba. Wala usijifanye mjanja ukagawa mali: wakiona umekusudia kukwepa, wanakuhesabia kana kwamba bado unayo. Mwaka 2021 waliahidi kikomo, mtu asilipie matunzo zaidi ya pauni 86,000 maisha yake yote. Wakaahirisha weee, 2024 wakakifuta kabla hakijaanza.

Basi akaja ofisa wa kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, kumpima mama kama kweli anahitaji matunzo. Mama huyu sweta anavaa ndani nje, na birika la chai tulilikuta kwenye friji. Siku hiyo? Kapaka lipstiki, kakaa wima, anajibu kama anaomba kazi.

"Unaoga mwenyewe?"

"Tena kwa maji baridi."

"Ngazi unapanda?"

"Mbio."

Nikamkonyeza, nikamkonyeza, jicho likaanza kuuma. Mama akamgeukia ofisa: "Huyu mkwe wangu jicho lake bovu. Hebu mpimeni yeye."

Ofisa anaandika tu. Mama kwa furaha akainuka kumwandalia mgeni chai, huyoo, moja kwa moja kwenye friji. Mke wangu akataka kumwahi. Nikamvuta mkono.

"Mwache! Mwache ofisa aone birika linapokaa."